Sura ya Sita: Basi la Kwanza Kwenye Njia Mpya

Mwenye duka la vioo aliingizwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa hana mkanda wala kamba za viatu, akakaa bila kuambiwa. Alikuwa mtu wa makamo aliyekonda kwa haraka. Shati lilimning'inia kama la kuazima. Inspekta, mwanamke aliyeketi mkabala naye, alimsogezea gilasi ya maji. Sajini, aliyesimama mlangoni, alikunja uso.

"Tuanze tena, mzee," Inspekta alisema. "Mkutanoni ulisema nini?"

"Mji mzima ulinisikia, afande."

"Mimi sikuwepo. Nataka nikusikie."

Mzee akashusha pumzi. "Nilisema njia yao ya mabasi haitapita mlangoni kwangu kabla mtu hajazikwa."

"Ukamtazama nani?"

"Yeye. Mama Njia."

Hilo lilikuwa jina la utani. Mwenyewe alikuwa nesi mstaafu aliyehangaika miaka na miaka kuitaka halmashauri itenge upande mmoja wa barabara kuu kwa ajili ya mabasi peke yake, ili wagonjwa na vibarua wasikae wamekwama nyuma ya msururu wa magari madogo. Wenye maduka walimpinga kwa nguvu zote. Njia hiyo ingemeza maegesho yote ya mbele ya maduka, na mteja asiye na pa kuegesha huenda kununua kwingine. Mji uligawanyika hata ndani ya nyumba moja moja. Halmashauri ikachora njia ya majaribio kwa rangi ya manjano, ikasema itapiga kura baadaye. Kisha, asubuhi moja kabla njia haijafunguliwa, Mama Njia alikutwa amelala nyuma ya vizuizi vya zege kando ya mstari ule wa manjano. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na vipande vya kioo vimetapakaa pembeni yake.

Mtu aliyetishia kuua anauza vioo, na penye maiti pana kioo. Sajini alimkamata siku ileile kabla chai ya saa nne haijapoa. Waombolezaji walipotoka makaburini walikwenda moja kwa moja dukani kwake, wakavunja kila kilichoweza kuvunjika, na dukani mwa vioo hicho ni karibu kila kitu.

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Dukani, nakata kioo cha dirisha."

"Nani alikuona?"

"Nikisema hakuna, mtanifunga. Nikisema yupo, nitakuwa nimedanganya. Hakuna."

Inspekta alifungua mfuko wa plastiki, akatoa kipande kikubwa kuliko vyote vilivyookotwa, akakiweka mezani. Alitaka kuuangalia uso wa mzee. Badala yake akajikuta anakiangalia kipande. Kilikuwa kinayumba. Akakigusa kwa ncha ya kalamu. Kikazunguka polepole mezani kama kifuniko cha sufuria kilichopinduliwa, kisha kikatulia. Akakigeuza upande wa pili. Sasa kingo zake ziligusa meza na katikati kukabaki na uwazi.

"Sajini, njoo uone. Hiki kimebinuka."

"Kioo ni kioo, afande."

"Kioo cha ukutani kinalala bapa, na cha dirisha pia. Mzee, dukani kwako unavyo vioo vilivyobinuka?"

"Sijawahi kuuza. Nani atataka kujitazama awe na uso kama boga?"

Hakucheka mtu. Inspekta alirudisha kipande mfukoni. Kilichomsumbua tangu alipokabidhiwa jalada hili sasa kilikuwa na mahali pa kukaa. Daktari alikuwa ameandika kwamba marehemu alikuwa na jeraha moja tu, la kisogoni. Miguu mizima, nyonga nzima, mikono mizima. Kwa sababu hiyo hakuna aliyefikiria gari. Gari humvunja mtu miguu kwanza.

"Gari gani," alimuuliza Sajini walipotoka, "linampiga mtu kichwani na kumwachia miguu yake?"

Sajini alifikiri. "Lenye kitu kinachoning'inia juu."

"Na kitu hicho kina kioo kilichobinuka, ili dereva aone mbali nyuma."

Sajini alikuwa mtu mwaminifu, na uso wake ulionyesha kwamba angependa hesabu hiyo isitoke hivyo.

*

Barabara kuu ilikuwa imejaa magari kama kawaida, yote yamesimama, yote yanapiga honi. Njia ya manjano ilikuwa tupu. Watu walikuwa wameweka maua juu ya vizuizi vya zege, na mtu mwingine, au labda yuleyule, alikuwa ameandika kwa chokaa: TULIMWAMBIA.

Inspekta alisimama pale maiti ilipokutwa. Vizuizi vilimfika kifuani. Mtu akianguka nyuma yavyo asingeonekana kutoka barabarani, wala kutoka madukani ng'ambo. Daktari alikuwa ameandika jambo lingine ambalo Inspekta hakulipenda: damu ilikuwa imetoka kwa muda mrefu. Mama Njia hakufa palepale.

Ng'ambo, mkabala na hapo, palikuwa na fundi cherehani, mwanamke mnene aliyefanya kazi barazani. Alianza kusema kabla hawajamsalimia.

"Mmekuja kuniondolea na baraza sasa?"

"Tumekuja kukuuliza, mama. Habari za kazi?"

"Kazi ipi? Mteja wangu anakuja na gari, ananiletea gauni la harusi, ataegesha wapi? Atalishusha na parachuti? Simsemi vibaya marehemu, alikuwa mtu wa watu, mtoto wangu wa pili alizaliwa mikononi mwake. Lakini kwa hili alikosea. Njia nzima mnawapa mabasi, na mabasi yenyewe yanapita matupu."

Inspekta aliinua kichwa. "Yanapita? Njia haijafunguliwa."

"Lilipita asubuhi ileile. Basi zima, jipya, halina hata nzi ndani. Nikasema, looh, hiki ndicho wanachotuuzia!"

"Asubuhi ipi?"

"Ya msiba. Mama Njia mwenyewe alikuwa pale, anaokota makaratasi kwenye njia yake kana kwamba ni ua wa nyumbani kwake. Akanipungia mkono. Sikumjibu, tulikuwa hatusemezani. Basi likatokea kule juu, nikalilaani, nikaingia ndani kuwasha pasi. Nilipotoka hayupo. Nikajua keshakwenda zake."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

Fundi alimnyooshea Sajini kidole chenye subana ya kuzuia sindano. "Huyu aliniuliza kama nilimwona mwenye duka la vioo. Nikamwambia sikumwona. Kuhusu basi hakuniuliza."

Sajini alitazama viatu vyake. Kisha fundi akaelewa alichokuwa amekisema. Akageuka polepole kuvitazama vizuizi vya zege, hatua chache tu kutoka kwenye cherehani yake.

"Alikuwa pale?" akauliza. "Muda wote ule nashona, alikuwa pale?"

Inspekta alimwambia aje kituoni kuandikisha maelezo. Fundi hakumsikia.

*

Meneja wa kampuni ya mabasi aliwapokea ofisini kwa tabasamu na kiyoyozi. Alirudia aliyokwisha kuyasema kwa simu: wapinzani wa njia walikuwa wanayarushia mabasi mawe siku zile, kwa hiyo hakuna basi lililotoka asubuhi hiyo.

"Hata la majaribio?"

"Hata la majaribio, Inspekta. Usalama kwanza."

"Tutayaangalia hata hivyo."

Mabasi mapya yalikuwa yamepangwa kwenye karakana, yote meupe, yote yana vumbi la kusubiri. Inspekta aliyapita taratibu, akiangalia kioo cha upande wa mlango, kile kinachotokeza nje kama sikio na kupita juu ya ukingo wa barabara. Vyote vilikuwa na vumbi. Kwenye basi la mwisho karibu na ukuta, kioo kiling'aa. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa nyuma yake.

"Panda," alimwambia Sajini.

Sajini alipanda juu ya tairi la akiba. Mkono wa chuma ulioshika kioo ulikuwa umepakwa rangi upya, nyeupe kuliko ya basi. Rangi haikufika ndani ya bawaba. Sajini alichungulia, akatoa kibano kidogo, akavuta kitu.

"Uzi, afande. Wa kijani."

Mama Njia alikutwa na kilemba cha kijani.

"Nani anaendesha hili?" Inspekta alimuuliza fundi wa karakana.

Fundi alitazama dirisha la ofisi kwanza. "Mpole," akasema, na kuondoka kama aliyeitwa.

Walimkuta Mpole anafagia ndani ya basi ambalo halijawahi kubeba abiria. Alikuwa kijana mrefu wa sauti ndogo, na kwa jinsi alivyoweka ufagio chini ilikuwa kama alikuwa anawasubiri tangu siku ya kwanza. Wakakaa kwenye viti vya abiria, Inspekta mbele, yeye nyuma yake kidogo.

"Nieleze."

"Nilisikia kishindo. Nikatazama, kioo hakipo. Nikasema, jiwe."

"Hukumwona mtu?"

"Niliona kitu cha kijani kinainuka ukingoni. Kilikuwa kimeinama, kikainuka. Ghafla tu, mama. Nikadhani ni mmoja wao, wale wa mawe."

"Hukusimama."

"Tumekatazwa. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alisimama, wakamshusha, wakampiga mpaka akapoteza jicho. Ndipo Meneja akatuita wote pale kwenye banda la chai. Akasema, ukisikia jiwe usisimame, usiangalie nyuma, leta gari karakana. Atakayesimama asirudi kazini."

"Wote mlikuwepo?"

"Wote. Muulize Babu Breki, ndiye mkubwa wetu. Alikaa mbele kabisa."

"Ulijua lini kwamba haikuwa jiwe?"

"Jioni, kwenye redio. Walivyotaja mahali tu, nikajua. Nikaenda kwa Meneja. Kioo kipya kilikuwa kimeshafungwa. Akaniambia basi halikutoka. Nikamwambia lilitoka, mimi ndiye niliyelitoa, umenituma wewe. Akasema, kijana, basi halikutoka, nenda nyumbani ukalale."

"Ukalala?"

"Wiki hii yote sijalala. Kuna mtu yuko ndani kwa ajili yangu."

Inspekta alimgeukia. "Nisikilize. Twende kituoni ukayaseme haya haya, kwa mdomo wako, bila kuongeza wala kupunguza. Ukiyasema wewe mwenyewe, hii ni ajali, na amri mbaya ya mtu mwingine. Mimi nitakuwa upande wako."

Mpole alimtazama Sajini, kisha Inspekta. Akaokota ufagio, akausimamisha vizuri nyuma ya kiti cha dereva, akawafuata chini.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo yale akiwa amesimama dirishani. Nje, kundi la watu waliovaa vilemba vya kijani lilikuwa linaimba jina la marehemu.

"Kwa hiyo hakuna muuaji," akasema.

"Hakuna, afande. Kuna ajali, na kuna mtu aliyekataza madereva kusimama. Mama yule alibaki hai kwa muda. Basi lingesimama, huenda angepona."

"Huenda."

"Ndivyo alivyosema daktari."

"Meneja ameshafika hapa kabla yako. Na wakili wake." Mkuu aligeuka. "Anasema kijana alilitoa basi bila ruhusa, akaligonga, akabadilisha kioo kwa siri akishirikiana na fundi. Fundi amekubali."

"Fundi anaogopa kufukuzwa. Anadanganya, afande."

"Basi nipe anayesema kweli. Nipe mtu mmoja zaidi ya huyu kijana aliyesikia hiyo amri."

"Madereva wote waliisikia."

"Nipe mmoja." Mkuu akakaa, akafungua kalamu. "Lakini tusipotezeane muda. Mwenye duka la vioo anatoka leo, umeshinda hapo, hongera. Na dereva anabaki. Ameua, amekimbia, ameficha ushahidi. Watu wale nje wanataka mtu. Nilikuwa naye mmoja ukamtoa, ukaniletea mwingine na maelezo yake yameshatiwa sahihi. Nikushukuru."

"Nilimwahidi, afande."

"Ulimwahidi kwa cheo cha nani? Changu?"

Hakumsubiri ajibu. Alikuwa ameshaanza kuandika.

*

Kwenye banda la chai la karakana, madereva walinyamaza Inspekta alipoingia. Aliwauliza mmoja mmoja, pembeni, ili asiwepo wa kumwogopa mwenzake. Wa kwanza alisema siku ile alikuwa anaumwa tumbo. Wa pili alisema hakumbuki mkutano wowote. Mwingine, aliyefunikwa jicho moja kwa bandeji, alisema yeye hajui lolote, na machozi yakamtoka kwenye jicho lililobaki, na bado akasema hajui lolote.

Babu Breki alikuwa wa mwisho. Alikuwa na mvi na mikono mikubwa iliyopinda kwa kushika usukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Mpole anasema ulikaa mbele kabisa."

"Mpole ni kijana mzuri. Mimi ndiye niliyemfundisha gari."

"Basi nisaidie nimsaidie. Meneja alisema nini?"

Mzee aliinua kikombe, akakuta hakina kitu, akakishusha. "Masikio yangu haya yameliwa na injini, binti yangu. Sikusikia kitu."

"Mzee."

"Nimebakiza kidogo nistaafu. Mke wangu yuko kitandani, dawa zake zinatoka kampuni hii hii. Sikusikia kitu. Andika hivyo."

Aliandika hivyo.

Njiani kurudi walipita barabara kuu. Halmashauri ilikuwa imeahirisha kura mpaka itakapotangazwa tena, na kila mtu alijua maana ya maneno hayo. Wenye magari walikuwa wameshaanza kuegesha juu ya mstari wa manjano. Wafuasi wa Mama Njia walisema wenye maduka wamemnunua dereva. Wenye maduka walisema mabasi yenyewe ndiyo muuaji, ushahidi uko wapi zaidi ya huo. Mbele ya duka la vioo, mzee mwenyewe alikuwa amesimama na kamba za viatu mkononi, anatazama ndani. Mkewe alikuwa anazoa vipande kwa koleo na kuvimimina kwenye ndoo.

Sajini alipunguza mwendo. "Tumsalimie?"

"Tumwambie nini?" Inspekta alisema. "Twende."

*

Mahabusu palinuka dawa ya kusafishia sakafu. Mpole aliketi kwenye kibaraza cha saruji, mgongo ukutani. Alisimama alipomwona Inspekta, kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Umewaona?"

"Nimewaona wote."

"Na Babu Breki?"

"Hata yeye anasema hakusikia kitu."

Mpole alitikisa kichwa kidogo. "Labda hukumuuliza vizuri. Ana aibu mbele za watu."

"Nilimuuliza tukiwa wawili."

Kijana akakaa tena. Alijipangusa mikono kwenye suruali, taratibu, kama anayetoa grisi.

"Ulisema utakuwa upande wangu, mama."

"Niko."

"Basi upande wangu hauna watu."

Kutoka chumba cha zamu ilisikika redio, mtangazaji anauliza wasikilizaji wapige simu: njia ya mabasi, ndiyo au hapana?

"Wakili niliyepewa na serikali anitetee alikuja," Mpole alisema. "Akaniambia naweza kuyakana yale maelezo. Niseme nililazimishwa, kwamba siku ile sikugusa basi. Kampuni inasema halikutoka na mimi nasema halikutoka, kesi itakuwa imekosa miguu. Ni kweli?"

"Meneja sasa anasema lilitoka."

"Atageuka tena. Basi likiwa halikutoka, naye amepona. Ni kweli au si kweli?"

Inspekta alishika chuma cha mlango. Angeweza kusema hajui. "Ni kweli. Bila maelezo yako kuna uzi, kioo kipya na fundi cherehani ambaye hakumwona dereva. Unaweza kutoka."

"Na yule wa vioo?"

"Mkuu atamrudisha. Jalada lake halijafungwa."

Mpole alitazama sakafu iliyokuwa bado mbichi. Redioni, mwanamke mmoja alikuwa anasema yeye hana gari, hana duka, anataka tu kufika kazini.

"Leo ametoka kweli? Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona. Yuko na mkewe, wanasafisha duka."

Mpole akajilaza juu ya saruji, akageukia ukuta na kuvuta miguu yake mirefu ili itoshe.

"Yaache maelezo yalivyo," akasema. "Na uwaambie wazime hiyo redio."